Mawazo ninayookota mezani kwa cherehani

Mtu akiniuliza hizi dizaini unazitoa wapi huwa anategemea nimtajie ukurasa fulani wa Instagram au nimwambie nilisomea mitindo chuoni, sasa nikimjibu kwamba nyingi nimezitoa kwenye daladala, kwenye mitumba niliyofumua na kwenye daftari langu la vipimo anaona kama namficha kitu. Simfichi. Ndo ukweli wenyewe na leo nataka niuandike wote, manake naona mabinti wengi wanaoanza ufundi wanakesha kwenye simu wanatafuta mawazo, asubuhi wanafika kazini wamechoka macho mekundu, na kazi yenyewe iko pale pale mezani hawajaiangalia hata dakika tano.

Mimi nashona nguo za kike. Magauni, blauzi na sketi, madera, sare za shughuli, na pia napunguza na kutanua nguo za watu, hii ya mwisho mafundi wengi wanaidharau ila ndo inayolipa kodi ya fremu ile miezi ambayo hamna harusi. Fremu yangu iko Temeke, barabarani kabisa, ina cherehani mbili, moja ya mota na moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu na benchi la wateja ambalo muda mwingi wamekaa watu ambao hata hawashoni kitu, wamekuja tu kupiga stori. Hilo benchi lina mchango wake mkubwa, ntalirudia nikipata nafasi.

Nianze na daladala. Mteja anakuja na picha kwenye simu, dada kasimama, mkono kiunoni, tumbo kalivuta ndani, taa zinammulika, gauni limekaa halina hata mkunjo. Nzuri kweli. Ila ile picha haikuambii huyo dada atapandaje bajaji, atakaaje kanisani masaa mawili, atainamaje kumfunga mtoto viatu. Kwa hiyo mimi nina tabia nikiwa nimesimama kwenye daladala ya kwenda Kariakoo kununua vitambaa naangalia nguo za watu zinavyofanya kazi, yani naziangalia kweli, na kitu nilichokiona mara nyingi mno ni hiki: mwanamke akinyoosha mkono kushika bomba, blauzi yote inapanda. Inachomoka kwenye sketi, mgongo unabaki wazi, na mkono wa pili ambao umeshika mkoba unaanza kazi ya kuivuta blauzi chini, dereva akikanyaga breki anaachia blauzi anashika kiti, wakitulia anaanza tena kuvuta. Safari nzima. Na ukiangalia ile nguo imeshonwa vizuri tu, mshono umenyooka, zipu haijapinda, fundi wake alijitahidi.

Sasa tatizo liko kwapani. Tulio wengi tulifundishwa kwamba ukitaka mtu awe huru kwenye nguo chimba kwapa lishuke chini, apate nafasi. Kinachotokea ni kinyume kabisa, manake kwapa likishuka mkono unakuwa umeungwa mbali na bega, karibu na ubavu, kwa hiyo mkono ukipanda unapanda na ubavu wote wa nguo. Kwapa likiwa juu, limekaa karibu na mwili bila kubana, mkono unapanda peke yake na nguo inabaki chini. Chukua tu koti lako kuukuu ulijaribu mbele ya kioo utaona. Ila kuna wateja hawapendi kwapa la juu, wanasema joto, na hapa Dar mwezi wa kwanza huwezi kubishana na mtu anayesema joto.

Jibu likaja na mzee mmoja aliyeleta kanzu yake ya zamani, imechanika upande, anataka niiunge. Kanzu zile za zamani zimekatwa kwa mistari iliyonyooka, hamna kwapa la kuchimba kwa mduara, mkono ni kipande kirefu kimenyooka kimeungwa begani, na pale chini mkono unapokutana na ubavu kuna kipande kidogo cha mraba kimepachikwa, kona moja inaingia kwenye mkono, nyingine inaingia ubavuni, nyingine mbele, nyingine nyuma, ukiitazama mtu akinyanyua mkono inafunguka, akishusha inajikunja ndani haionekani. Nilikaa na ile kanzu mezani nikasahau hata chai. Mzee anaweza kuinua mikono yote juu kabisa na pindo la chini halisogei! Na aliyekata hivo alikuwa anaokoa kitambaa pia, manake ukikata kwa mraba na mstatili hakibaki kipande cha kutupa.

Nikachukua blauzi ya kitenge ya kwangu mwenyewe, nikafumua kwapani, nikapachika kipande cha inchi nne kwa nne. Kazi yenyewe ni zile kona, kila kona lazima sindano isimame pale pale inapotakiwa, ikizidi nukta moja inafanya mkunjo, kwa hiyo unashona upande mmoja unasimama unakata uzi, hushoni mzunguko wote kwa pamoja. Nikaivaa nikapanda nayo gari. Nikashika bomba. Ikatulia.

Tangu hapo kila mteja akija simpimi amesimama tu kama askari, namwambia dada inua mkono kama umeshika bomba, haya kaa kwenye benchi, inama uokote hiyo chaki. Wengine wanacheka, lakini wanaelewa haraka. Waliokipenda zaidi kile kipande cha kwapani ni walimu, manake mtu anaandika ubaoni mkono uko juu kutwa nzima na darasa zima liko nyuma yake, na nilikuwa sijawahi kuwafikiria walimu hata siku moja mpaka mmoja alipoleta wenzake.

Hii ndo maana nasema wazo linatoka kwenye kazi pale inapogoma. Kitambaa kikikubali kila kitu unachotaka hakuna unachojifunza, unamaliza unapokea hela unasahau. Lakini pale panapovuta, panapopanda, panapochanika kila mara sehemu ile ile, pale ndo pa kukaa ukaangalie, ukiwa na haraka unaweka kiraka unapitiliza.

Na hata vitu vikubwa tunavyojivunia vilianza hivo hivo. Chukua kanga. Inavyosimuliwa pwani, huko karne ya 19 wanawake walikuwa wananunua zile leso za rangi zilizokuwa zikija kwa meli zikiuzwa kwa mkato, leso sita wanazikata tatu tatu, halafu wanaziunga safu mbili kwa mshono wa katikati wapate vazi moja kubwa la kujifunga. Ndo maana mpaka leo ukienda Mombasa kanga wanaita leso. Wenye maduka walipoona wanawake wanapenda ile kitu wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa kabisa, na pale Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, hizo kanga zenye maandishi ya Mali ya Abdulla ambazo bibi zetu wanazijua zinatoka kwenye duka hilo. Majina ya kanga yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu ndo zikafuata hizi tunazosoma sasa. Lakini mwanzo kabisa ni mtu alikaa na leso ndogo zisizomtosha, sindano mkononi, akaona zikiungwa zitamtosha. Hamna aliyeandika jina lake. Mimi nikikata kanga huwa namfikiria huyo mwanamke, nasema kweli.

Na kanga kama kitambaa cha kushona inafundisha sana, manake haikubali ukate unavyotaka. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina pale chini, na kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo, basi, hamna zaidi, ukimaliza doti umemaliza. Kitenge unaweza kukosea ukasogeza, kanga unapanga kwanza kila kitu mezani, pindo linaenda wapi, mji unaangukia kifuani au mgongoni. Kuna mama alileta kanga ya Wema Hauozi nimshonee dera, mimi nikawa nimeshapanga kulikata jina ili pindo likae vizuri chini, akaniambia hapana fundi, hilo jina ndo nimelinunulia, liweke nyuma chini, nataka nikitembea wanaokuja nyuma yangu walisome. Alikuwa na sababu zake sikuzidadisi. Ila alinifungulia kitu, kwamba nguo ina upande ambao aliyevaa haoni, na watu wengi sana wanautazama huo kuliko mbele. Mafundi tunamaliza nguvu zote kifuani. Baada ya huyo mama nikaanza kuanzia mgongoni ninapopanga mtindo, zipu, mikunjo, hata vifungo vya mapambo, na oda za mishono ya mgongo zikaongezeka bila kuzitangaza.

Mitumba nayo. Mimi nikipata shati au koti la mtumba lililoharibika naliomba au nalinunua kwa bei ya chini naenda nalifumua lote. Pole pole, kwa wembe, bila kuchana. Ukifumua nguo ya mtu mwingine unafuata mawazo yake kurudi nyuma, unaona alianza wapi akamalizia wapi, wapi aliweka kitambaa kigumu ndani kola isimame, wapi alishona mara mbili. Kuna kitu kidogo kwenye mashati mengi ya mtumba, ukigeuza ndani ubavuni chini kwenye kile kilebo utakuta kifungo kimeshonwa hapo hakina kazi. Cha akiba. Yani huyo aliyelishona, nchi ya mbali huko, alishafikiria siku kifungo kitakapodondoka na mwenye shati anatafuta cha kufanana nacho asikipate. Mimi hicho kifungo kilinikaa sana moyoni. Ni kitu cha shilingi ngapi? Sasa hivi kila nguo inayotoka kwangu nashonea ndani kifungo kimoja na kipande kidogo cha kitambaa chake, na ubavuni naacha inchi nzima ndani, wateja wenyewe wanasema fundi niachie kitambaa nikinenepa, na kweli wananenepa wanarudi na ninafungua ndani kwa nusu saa mtu anapata gauni lake tena.

Kuna jambo lingine lilitokana na swali la binti anayejifunza kwangu. Aliuliza kwa nini sindano ya mkono ina tundu nyuma na ya cherehani ina tundu kwenye ncha. Swali zuri hilo. Tukaweka kazi pembeni tukazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole kabisa, kichwa kimeinama tunaangalia. Sindano inashuka na uzi, inapoanza kurudi juu ule uzi unalegea nyuma yake unafanya kitanzi kidogo mno, na ndoano ya chini inakuja inakidaka kile kitanzi inakizungusha kwenye bobini, nyuzi mbili zinajifunga. Sindano haivuki kwenda upande wa pili kama mkono unavyofanya. Watu wengine huko nyuma walihangaika kutengeneza mashine iige mkono, sindano ipite yote igeuzwe irudi. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1846 kwa mashine yenye sindano ya tundu kwenye ncha pamoja na uzi wa pili wa chini, na tundu kwenye ncha walishalijaribu wengine kabla yake ila yeye aliviunganisha. Binti akaniambia kumbe waliacha kuiga mkono ndo ikawezekana. Nikamwambia andika hiyo.

Na faida yake ya pale pale ni kwamba sasa mshono ukiruka hakimbilii kwa fundi wa mashine, anabadilisha sindano kwanza, manake sindano ikipinda kidogo tu au ikiwa butu kile kitanzi hakikai sawa na ndoano inakikosa. Butu utaisikia, inapiga kitambaa kama inagonga. Umeme ukikatika na mota za mtaa mzima zikinyamaza nikahamia kwenye cherehani ya miguu ndo nasikia vizuri kuliko siku zote.

Daftari la vipimo nimeliacha mpaka hapa kwa sababu ndo linalonigusa zaidi. Nina wateja nimewapima kwa miaka, jina, simu, kifua, kiuno, hipsi, urefu, bega, mkono, na kila akija naandika upya chini ya vile vya zamani. Ukifungua kurasa za mtu mmoja unaona maisha yake. Mimba mbili hapa, hapa alikuwa anafanya mazoezi kwa ajili ya sendofu, hapa kifua kimeongezeka ananyonyesha. Kuna mama kiuno chake kilikuwa kinashuka kila akija, gauni baada ya gauni, na hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Benchi limejaa watu. Na nilikuwa na mazoea kama mafundi wote ya kutaja namba kwa sauti binti aandike, thelathini na nane, thelathini na sita, siku ile nikaona uso wake ulivyokaa nilipofika kiunoni nikanyamaza nikaandika mwenyewe. Tangu siku hiyo hamna namba inayotajwa kwa sauti kwenye fremu yangu, na niliweka pazia kona ya ndani. Halafu nikaanza kumshonea magauni yenye kamba ndani ya kiuno, zinatokea ubavuni, anavuta mwenyewe kwake nyumbani anavyotaka, asilazimike kurudi kupunguza mbele za watu. Hilo gauni la kamba ubavuni ndo limeuza kuliko mtindo wowote niliowahi kushona. Wanalipenda wajawazito, wanalipenda waliotoka kujifungua, wanalipenda watu wazima, na hakuna hata mmoja anayejua nilimshonea nani kwanza. Yule mama mwenyewe yupo, anaendelea vizuri, kiuno kimerudi na ananiongezea oda.

Sare ntaigusia kidogo tu. Akina mama wa kikoba wakija na kitambaa kimoja watu thelathini ndo utajua watu hawafanani. Kitambaa kile kile, rangi ile ile, na kila mmoja ananiita pembeni, fundi mimi niwekee mfuko wa ndani wenye zipu, huyu anauza samaki feri hela lazima zikae mwilini. Mwingine anataka mkono mrefu kwa sababu ya kovu. Mwingine anataka kifua kifunguke ananyonyesha. Ukisikiliza hayo ya pembeni una dizaini za mwaka mzima.

Sasa namna ya kuyakumbuka haya mawazo, manake wazo la kazini linakuja mikono ikiwa imeshika kitu na likikukuta hivo linaondoka haraka. Mimi naandika mezani kwa chaki, pale pale pembeni ya kitambaa, neno moja au mchoro. Mchana kutwa vitambaa vinapita juu yake vinafuta, jioni kilichobaki kinasomeka nahamishia kwenye daftari, na kilichofutika kama kilikuwa na maana kitarudi manake tatizo lenyewe bado lipo kwenye nguo. Mikono ikiwa imejaa kabisa namwambia binti anishikie simu nirekodi sauti. Hao wanaohamasisha watu mtandaoni wanaosema amka saa kumi usiku kaa kimya mawazo yatakujia, labda kwao inawafaa, mimi saa kumi usiku nimelala na nina haki ya kulala, nikiamka naenda kugusa kitambaa.

Saivi mezani nina kitambaa cha kuvutika cha dada anayecheza kwaya, wanainua mikono wimbo mzima na wanageuka, na kile kipande cha kwapani kwenye kitambaa cha kuvutika kinajikunja kona hakikai bapa. Nimejaribu kukikata kwa mshazari, kidogo kimetulia ila bado. Kama kuna fundi anasoma hapa amewahi kushona hivo kwenye kitambaa kinachovutika aniambie alitumia sindano gani na kama aliweka kitu nyuma ya zile kona, nguo inatakiwa Jumamosi.